Kituo cha mbwa na paka kimejaa: tuendelee kupokea?

Swali: Ndugu zangu, tunaendesha kituo kidogo cha mbwa na paka wasio na wenyewe hapa Dar es Salaam. Vibanda vimejaa, na kila asubuhi tunakuta boksi langoni lenye watoto wa paka ambao macho hayajafunguka. Tufunge mlango?

Jibu: Pole sana, dada. Msipokee kupita uwezo, kwa maana parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika unaoambukiza mbwa, ikiingia kwenye vibanda vilivyobanana itawamaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Kila mgeni atengwe kwanza wiki mbili. Kazi kubwa iko mtaani: kuwakamata, kuwafunga kizazi, kuwachanja na kuwarudisha walikotoka, ncha ya sikio ikiwa imekatwa ili watambulike. Paka jike hushika mimba hata akiwa bado ananyonyesha.

Jibu: Naunga mkono. Kuua mbwa kwa sumu, jambo linaloniumiza sana, hakuzuii kichaa cha mbwa, kwani wanakufa hata waliochanjwa na wengine huhamia mahali pao. Kinachozuia ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote, kila mwaka.

Muulizaji: Nashukuru. Wa leo wamelala juu ya chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga.