Rada feki za kujaribia vita vya kielektroniki: kwanini zinabadilishwa, kompyuta haitoshi?

mwanafunzi_wa_mawimbi
Wakuu habari za jioni. Nasoma elektroniki, nyuzi nyingi za humu huwa napita kimya kimya ila leo ngoja niulize. Kule Nevada, Marekani, wana eneo kubwa la jangwa wameweka mitambo inayorusha mawimbi kama ya rada za makombora ya Kirusi, marubani wanapita juu wanajifunza kukwepa na kujami (kuivuruga rada kwa mawimbi ya kelele). Sasa naona ile ya zamani inatolewa inaletwa mipya, kama Joint Threat Emitter ya Northrop Grumman na ARTS-V1 ya Lockheed Martin, na hela inayoenda hapo sio ya kitoto. Swali: rada feki si ni rada feki tu, mradi inapiga kelele kwenye masafa yale yale, hiyo mpya inaongeza nini? Na kwanini wasimalize kila kitu kwenye kompyuta, kuchoma mafuta ya ndege ya nini? Wajuzi karibuni.

Kipanga_Mweusi
Mleta mada, anzia 1973, vita ya Oktoba ya Israeli na Misri na Syria. Waisraeli walikuwa na vifaa vya kumuonya rubani vilivyozoea rada za palsi (mawimbi ya kukatika katika) za makombora ya Kisovieti ya SA-2 na SA-3, wakakutana na SA-6 ambayo kumulika shabaha inatumia wimbi lisilokatika, kwahiyo kombora linakuja na kifaa kimekaa kimya hakisemi kitu. Vita nzima walipoteza ndege karibu 100, sio zote kwa SA-6 lakini somo liliwaingia wote, hata Wamarekani. Wao 1975 wakaanzisha mazoezi ya vita vya anga ya Red Flag pale kambi ya Nellis, huko huko Nevada, chanzo kikubwa kikiwa hasara za Vietnam.

Sasa simuleta (hizo rada feki) nyingi za zamani kila moja iliundwa kuiga rada ya aina moja. Adui akibadilisha mpangilio wa palsi wewe unafungua boksi na bisibisi, na spea zenyewe hazitengenezwi tena. Ila ubaya mkubwa ni kwamba ni viziwi. Zinarusha tu, ndege ijami isijami wao wanaendelea vile vile, ni mazoezi ya ngumi na gunia, halirudishi. Rada ya kweli ukiijami inaruka masafa mengine, au inazima halafu mwenzake wa kilima cha pili anakudaka. Mipya inasikiliza, inapima kama umeikosesha shabaha, inajibu. Na tishio jipya linaingia kama faili la programu, hiyo ndio hela inakoenda mkuu.

fundi_antena
Naongezea hapo kwenye kompyuta. Kazi kubwa tu inaanzia huko, wanaiga kila kitu kwa programu, kisha kifaa halisi kinawekwa mezani kinalishwa signali kwa kebo, halafu ndege nzima inaingizwa kwenye chemba isiyorudisha mwangwi. Pale kambi ya anga ya Edwards, California kuna inaitwa Benefield, ndani ni kama mita 80 kwa 76 na kimo mita 21, ndege ya kivita wanaining'iniza juu kabisa. Uzuri wa chemba unarusha zile siri zako zote na hakuna setilaiti ya mtu inasikia, jangwani huwezi, tena huko nje hadi kibali cha masafa unagombania na watu wa simu na wa rada za hali ya hewa.

Lakini chemba haina milima, haina mawimbi yanayogonga ardhi na kurudi, ndege haikati kona. Ndio maana mwisho wa siku lazima uende uwanjani tu.

mzee_wa_S125
Vijana mnapenda vipya sana. 27 Machi 1999 F-117, ndege ya Marekani ya kujificha na rada, iliangushwa Serbia na S-125 (ndio hiyo SA-3), mtambo wa miaka ya 60 mwanzoni! Kamanda Zoltán Dani alikuwa anawasha rada kwa sekunde chache tu anazima, na ya kutafutia walitumia rada ya P-18 ya mawimbi marefu zaidi ambayo umbo la ile ndege halikutengenezwa kuikwepa. Teknolojia mpya iko wapi hapo? Ni akili ya mtu kwenye kiti. Ndio maana Waingereza pale Spadeadam, Cumbria, wana vyuma halisi vya Kisovieti wanafanyia mazoezi. Na baada ya Ujerumani kuungana 1990, vya Ujerumani Mashariki vilibaki mikononi mwa NATO, watu wakavipima mpaka nati.

Kipanga_Mweusi
Mzee nakubali kuhusu Dani, ila chuma cha Ujerumani Mashariki hakikufundishi S-400, mtambo mpya wa Warusi. Hiyo si rahisi kuipata ukaifungua, wanategemea zaidi vipande vya signali walivyonasa kwa mbali na makadirio.

mzee_wa_S125
Sasa si ndio hatari yenyewe bwana mdogo. Kama makadirio yamekosea, miaka yote unafundisha mtambo wako wa kujami kumshinda simuleta, sio adui. Siku ya vita utajua hujui. Mimi nasema kila walichonasa kipya kiingizwe haraka, Ukraine watu wanabadilisha masafa ya droni na vya kujami kila uchao, wewe unasubiri mkataba wa miaka mitano?

mwanafunzi_wa_mawimbi
Dah, madini. Swali dogo la mwisho, hizo rada zina nguvu kubwa sana, simuleta inawezaje kuifikia bila kuwa na jenereta la mtaa mzima?

fundi_antena
Haihitaji. Kama unajaribu kile cha kumuonya rubani tu, mawimbi yanakwenda njia moja, yanapungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukikaa kilomita 4 ukajifanya uko 40, nguvu moja ya mia inatosha. Ila ndege inavyokusogelea nguvu inapanda haraka kuliko ingekuwa 40 kweli, kwahiyo kompyuta inarekebisha muda wote, simuleta za zamani hapo zilikuwa zinaumbuka. Ukijaribu kujami ndio kazi inakuwa ngumu, sababu mwangwi unaenda na kurudi, unapungua kwa kipeo cha nne wakati kelele ya anayejami inaenda njia moja tu. Ukiwa mbali anashinda yeye, ukikaribia mwangwi unamzidi. Mahali pa kuvukia ndipo wanapopatafuta kwenye majaribio yote hayo, na ukikosea umbali wa uongo umepata jibu la uongo.

Kama ni projekti ya chuo, chukua redio mbili za programu (SDR, zinazoendeshwa na kompyuta), moja iwe rada moja ijami, unganisha kwa kebo na atenueta (kifaa cha kupunguza nguvu ya signali) katikati. Usirushe hewani tu mkuu, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hawana utani.