Mrejesho: paneli za milango ya Peugeot 504 ya mzee

Wakuu, salaam. Niliuliza nitumie nini kutengeneza paneli mpya za ndani za milango ya 504 ya mzee, ya mwaka 1979, maana za kiwandani zilivimba zikawa zinameguka kama biskuti kwenye chai. Mlionishauri plaiwudi ya milimita 3 badala ya hadibodi, asanteni.

Nilichora kwa kufuatisha paneli ya mlango wa abiria, ndiyo pekee iliyobaki na umbo. Kosa langu: niliigeuza tu kupata ya dereva, bila kupima. Tundu la mkono wa kupandishia kioo likahama sentimita nzima, na plaiwudi ile ikaishia kuziba banda la kuku. Kuanzia hapo nilikata boksi kwanza, nikalijaribisha mlangoni, ndipo nikashika msumeno.

Kingo na matundu yote nilipaka vanishi mara mbili. Fundi viti akapiga mishono ya wima kwenye ngozi bandia na sponji yake kabla ya kuivuta juu ya plaiwudi na kuibandika kwa gundi.

Aliyenikumbusha kuweka nailoni kati ya bati la mlango na paneli, ili kuzuia maji, alikuwa sahihi kabisa. Maji hupita kwenye mpira wa kioo na kushuka ndani ya mlango. Hayo ndiyo yaliyoua paneli za kwanza. Nimebandika nailoni nzito, na matundu ya chini ya kutolea maji nimeyazibua, yalijaa tope gumu.

Imebaki milango ya nyuma. Mzee ameshapiga marufuku kubamiza.