Acheni kusema manesi wa magonjwa ya akili hawataki kukaa kijijini, nyie ndio mnawafukuza!

Wandugu nimechoka. Nesi wa akili wa kituo chetu cha afya huku West Nile, Uganda, ameondoka tena, na mkubwa mmoja wa wilaya kasimama mbele za watu anasema eti vijana wa siku hizi wanapenda mji. UONGO! Yule dada alitaka kukaa, watoto wake walikuwa wanasoma hapa hapa. Aliahidiwa nyumba ya stafu mpaka akachoka kuuliza, akawa anapanga chumba tredingi senta na kulipa boda kila siku, na ile alawansi ya sehemu ngumu kufikika, asilimia 30 juu ya mshahara, kila akifuatilia anaambiwa faili liko kwa fulani.

Halafu dawa. Huku kliniki ya akili ndiyo inatibu na kifafa, sasa karbamazepini, dawa ya kifafa, ikiisha mama anakuja na mtoto anaanguka mara kwa mara, nesi hana cha kumpa isipokuwa kumwandikia akanunue, na mama hela hana, anaondoka akimlaani nesi. Wewe ungevumilia kulaaniwa hivyo kila wiki kwa kosa la watu wengine? Hana mwenzake wa kumpokea zamu, na akikwama na mgonjwa mgumu hana daktari bingwa karibu wa kumwuliza, maana nchi ya watu milioni 45 na kitu mabingwa wa magonjwa ya akili hawafiki hata mia na wengi wako Kampala, kwenye hospitali kuu ya akili ya Butabika na kwenye vyuo, karibu kilomita 500 kutoka mji wetu wa Arua.

Na msijifanye hamjui kuhusu mashirika ya misaada. Tangu makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yafunguliwe huku 2016, wakimbizi wa Sudan Kusini wanahitaji sana wahudumu wa afya ya akili, haki yao kabisa, wameona vita. Lakini shirika linamchukua nesi yule yule wa serikali kwa mshahara mkubwa, mkataba ukiisha harudi kituoni, anaenda zake Kampala au nje, na sisi wenyeji na hao wakimbizi wote tunabaki mikono mitupu. Kwa nini wasikubaliane na wilaya wamwongezee hapo hapo alipo?

Sheria ya afya ya akili ya 2018, iliyofuta ile ya 1964, inasema matibabu yapatikane mpaka vituo vya afya vya chini. Sawa, yanapatikanaje kwa chumba kilichofungwa kufuli? Mgonjwa wa jirani yangu sasa wamemfunga kamba nyumbani, si kwa ukatili, hawana pa kumpeleka!

Nnachotaka ni vitu vya kawaida tu: nyumba, alawansi ilipwe na mshahara mwezi ule ule, dawa, wawe wawili wawili, na nesi akienda kusoma akute cheo kinamsubiri huku huku wilayani. Pia chukueni watoto wa hapa wanaojua Kilugbara na Kikakwa muwasomeshe, hao kwao ni hapa.

Mlioko Karamoja, Kisoro, Bundibugyo, kwenu nesi wa akili yupo? Alawansi anapata? Semeni na wilaya yenu tujue.