Tupeane uzoefu: utitiri wa masikio kwa sungura

Mleta mada, Nzuguni
Wafugaji wenzangu, habari za majukumu. Jike wangu mzazi alianza kwa kutikisa kichwa na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, nami nikadhani ni vumbi la kiangazi. Nilipomkagua vizuri nilikuta ndani ya sikio magamba ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, mfano wa uji uliokaukia ukingoni mwa sufuria. Nilikosea kuyabandua kwa vidole, kwani damu ilitoka na sungura akalia kwa uchungu. Afisa mifugo alinieleza kwamba magamba hayo hutokana na majimaji ya ngozi iliyoshambuliwa na utitiri, kwamba ukiyabandua unachuna ngozi hai, na kwamba dawa ikishafanya kazi yatadondoka yenyewe. Aliweka kipande kimoja juu ya kitambaa cheusi, tukainama kutazama, tukaona vidoa vyeupe vikitembea. Alimchoma sindano ya ivermektini, dawa ya kuua vimelea kama utitiri, chini ya ngozi na kurudia baada ya siku 14. Naomba nanyi mnieleze yaliyowakuta.

Mfugaji wa Kibaigwa
Pole sana, ndugu yangu. Huku kwetu alizeti haikosekani, kwa hiyo nilianza kwa kudondoshea mafuta yake masikioni kila siku. Magamba yalilainika na sungura wakatulia, lakini nilipoacha tu, ugonjwa ukarudi, kwa sababu mafuta huwaua wale tu yanaowafikia. Jambo lililonisaidia ni kuwatibu sungura wote tisa siku moja, hata wale ambao masikio yao yalikuwa safi. Utitiri huchukua takriban wiki tatu kutoka yai hadi kukomaa, hivyo anayechoma sindano mara moja akaridhika huwaachia nafasi walio ndani ya mayai.

Mwanamifugo, Mpwapwa
Naomba tuwe makini sana na kipimo. Ivermektini ya asilimia 1 iliyopo madukani imetengenezwa kwa ajili ya mifugo mikubwa, na kila mililita ina miligramu 10. Sungura huhitaji miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mwenye kilo 3 hupata mililita 0.06 hadi 0.12 tu, kiasi ambacho huwezi kukipima kwa bomba la sindano la ng'ombe. Mimi humpima sungura kwenye mizani kwanza, kisha natumia bomba la mililita 1 lenye mistari midogo, na mara ya kwanza nilimwomba daktari wa mifugo asimame pembeni yangu. Dawa za fipronili za kuua viroboto na kupe, ambazo wengine huwapaka mbwa, msimpake sungura kabisa, kwani humdhuru na zinaweza kumuua. Kwa wanaofuga kwa ajili ya kitoweo, ulizeni pia muda wa kusubiri kabla ya kuchinja.

Mama Mfugaji, Chamwino
Kwangu ugonjwa uliletwa na dume la kuazima. Nilimpokea jioni, nikamwingiza kwa majike usiku uleule bila kumtazama masikio, na baada ya wiki chache majike watatu walikuwa wakijikuna. Siku hizi mgeni yeyote hukaa peke yake mwezi mzima, na dume la jirani silipokei kabla sijayafunua masikio yake juani na kuchungulia hadi chini kabisa, kwa sababu utitiri huanzia ndani, mahali ambapo mtazamaji wa haraka hapaoni.

Mleta mada, Nzuguni
Asanteni sana. Nimewachoma sindano sungura wote, nyasi za kulalia nimezichoma moto, vizimba nimevimwagia maji ya moto na kuvianika, maana nimeelezwa kwamba utitiri unaweza kuishi hata wiki tatu nje ya mwili wa sungura. Mama, je, ulishapata sungura aliyeinamisha kichwa upande mmoja?

Mama Mfugaji, Chamwino
Ndiyo, mmoja. Alikuwa amepata maambukizi ya bakteria ndani zaidi ya sikio, na ivermektini peke yake haikumtosha. Ukiona hivyo mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, dada au kaka yangu, usingoje sindano ya pili.