Gari la kujiundia nyumbani: nianzie wapi kabla ya ukaguzi wa IVA?

Mjenzi wa Coventry

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaishi Coventry, Uingereza, na kwa muda sasa nimekuwa nikiunda katika banda la nyuma ya nyumba gari dogo la wazi la viti viwili, la ule ukoo ulioanza na Lotus Seven mwaka 1957. Chesisi na bodi ni mpya, nimezinunua kwa mtengenezaji wa hapahapa, na vipuri vingine karibu vyote nimevitoa katika Mazda MX-5 ya mwaka 1995 yenye injini ya lita 1.8. Gari linawaka, linatembea vizuri uani, na DVSA, wakala wa serikali unaokagua magari, wamekwisha nipangia mwezi ujao tarehe ya ukaguzi wa IVA, yaani ule wa kuidhinisha gari moja moja kabla ya kusajiliwa.

Yapo mambo matatu yanayoninyima usingizi. La kwanza ni usukani: nikizunguka taratibu uani kisha nikauachia, unabaki palepale nilipouacha wala haurudi katikati. Usukani wenyewe ni ule wa pawa wa MX-5, ila pampu nimeiondoa na mirija miwili ya oili nimeiunganisha pamoja. La pili ni kingo kali, ambazo mwongozo wa ukaguzi umezieleza kwa kirefu hata sijui nianze na bolti ipi. La tatu ni ekzosi, ambayo inatokea ubavuni kwa mlio mkubwa na haina masega ya kusafisha moshi, kwa kuwa nafasi ni finyu. Fundi mmoja wa hapa mtaani ameniambia kwamba gari la kujiundia halipimwi moshi. Je, ni kweli?

SpanaKumi

Mkuu, hongera kwa kazi. La moshi nawaachia wengine. Mimi nianze na usukani, kwa sababu ndio unaowaangusha wengi wenye magari mepesi ya aina hii, na haurekebishiki kwenye maegesho ya kituo asubuhi ya ukaguzi.

Mkaguzi ataliendesha gari polepole kwa kuzunguka, kisha ataulegezea usukani aone kama magurudumu yana mwelekeo wa kurudi kwenye mstari wenyewe. Hakuna anayedai yarudi hadi katikati kabisa; kinachotakiwa ni dalili iliyo wazi kwamba yanataka kurudi. Gari lako ni jepesi sana likilinganishwa na MX-5 lilikotoka, kwa hiyo uzito uliokuwa ukisaidia kuyarudisha magurudumu haupo tena, na msuguano ambao zamani haukuhisiwa sasa ndio unaotawala.

Kabla ya kugusa alaimenti, yaani pembe za magurudumu, inua mbele kwa jeki, magurudumu yakae hewani, kisha zungusha usukani kwa vidole viwili. Ukihisi uzito, chanzo ninachokishuku mimi ni hiyo mirija uliyoiunganisha. Ndani ya boksi la usukani wa pawa mna pistoni yenye sili yake, na kila ukikata kona pistoni hiyo inalazimika kuisukuma oili au hewa iliyobaki kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Dawa yake ni kulifungua boksi, kuitoa sili ya pistoni, kusafisha, kupaka grisi na kurudisha. Ni kazi ya uchafu, lakini tofauti yake utaiona mara moja. Angalia pia viungio vya nguzo ya usukani, kwani pembe ikiwa kali kupita kiasi, au beringi ya nguzo ikiwa imekaa upande, utahisi usukani unalegea na kukaza kwa zamu katika kila mzunguko.

Msuguano ukiisha ndipo uende kwenye vipimo. Ongeza mlalo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, yaani sehemu ya juu ya nakoli, kile kipande kinachoshika gurudumu, irudi nyuma zaidi. Wengi wenye magari haya huishia kati ya nyuzi 5 na 7. Weka magurudumu ya mbele yafunguke kidogo sana kwa mbele, na upandishe upepo wa tairi za mbele kwa siku ya ukaguzi. Mambo haya mawili ya mwisho ni ya kusaidia tu, na yasikufanye uache kuliondoa tatizo lenyewe.

Kwa upande wa breki, kama umeweka kifaa cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kifungwe kabisa kiasi kwamba hakigeuziki. Gari lako limepoteza uzito mwingi wa mbele, kwa hiyo hesabu ya mkaguzi kwenye rola itaangalia sana kama magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya yale ya mbele, na hilo halikubaliki. Taa ya onyo la mafuta ya breki nayo iwe inafanya kazi.

BintiGereji

Kaka, huyo fundi wa mtaani amekupotosha. Gari la kujiundia linapimwa moshi, ila kiwango kinafuata umri wa injini iliyomo, si siku gari lilipokamilika. Injini ya kabla ya Agosti 1992 inapimwa kwa viwango vilegevu ambavyo inaweza kuvifikia bila masega, lakini ya kwako ni ya mwaka 1995, na hiyo hupimwa kama injini yenye masega, pamoja na kipimo cha lambda, yaani uwiano wa hewa na petroli ukilinganishwa na ule unaofaa, ambacho lazima kiwe kati ya 0.97 na 1.03. Usijaribu kulikwepa hili kwa kurekebisha kompyuta ya injini. Tafuta masega mafupi ya duara, uyachomelee karibu na manifoldi ili yapate joto haraka, na uhakikishe sensa ya oksijeni iko kabla ya masega na hakuna tundu hata dogo kwenye maungio, kwa sababu hewa inayoingia kupitia tundu la upana wa sindano inatosha kuivuruga lambda. Siku yenyewe liache gari liungurume mpaka feni ya rejeta iwake ndipo lipimwe.

Kwa bahati nzuri, masega hayohayo yatakusaidia kwenye mlio. Kikomo ni desibeli 99, kipaza sauti kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Injini yako hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika hivi, kwa hiyo utapimwa karibu na 4,900. Simu yenye programu ya kupima sauti haiaminiki kwa desibeli moja au mbili, lakini ikikuonyesha 104 ujue huna sababu ya kubishana nayo.

Sasa nyaraka, ambazo hukuziuliza. Umri wa injini unathibitishwa kwa karatasi, na cheti cha usajili cha V5C cha ile MX-5 ndicho ushahidi wako mkubwa, kwa hiyo usikitupe wala usikipeleke popote bila kubaki na nakala. DVLA, wakala wa serikali unaosajili magari, watakapolisajili gari baada ya kufaulu wataitaka fomu ya V627/1 ya kueleza gari lilivyoundwa, fomu ya V55/4 au V55/5 ya kuomba usajili, cheti cha IVA, risiti na picha. Kwa kuwa chesisi yako ni mpya kutoka kwa mtengenezaji wa seti za magari ya kujiundia, ukiweza kuonyesha kwamba angalau vipuri vikubwa viwili vimetoka kwenye MX-5 hiyo moja, unastahili namba inayolingana na umri wake. Usipoweza, utapewa namba inayoanza na Q, na wanunuzi wengi huipunguzia gari bei wakiiona.

MzeeWaTindo

Wenzangu wamesema mengi. Mimi naongeza la kingo. Usiangalie bolti moja moja. Chukua mpira wa kipenyo cha milimita 100 na uutembeze juu ya bodi yote kwa nje, kwa sababu mkaguzi naye ana tufe la kipimo hicho: popote linapogusa, ukingo uwe na mviringo wa nusu-kipenyo usiopungua milimita 2.5. Mpira hauwezi kuingia kwenye mfereji mwembamba, kwa hiyo vilivyomo humo havikuhusu. Utashangaa vinavyobaki: mabano ya vioo, vichwa vya bolti za mikono ya saspensheni, ncha za nati za madigadi ya mbele, klampu za ekzosi. Bolti zivalishe vifuniko vya plastiki, na kingo za bati zivalishe utepe wa mpira, lakini gundisha vyote, maana mkaguzi anavuta kwa vidole na kikitoka mkononi mwake umeanguka.

Taa nazo zisikuponyoke. Kila moja iwe na alama ya E ya kuidhinishwa kwenye kioo chake, taa ya ukungu ya nyuma iwe katikati au upande wa kulia na isikaribie taa ya breki chini ya milimita 100. Spidomita isionyeshe hata kidogo mwendo ulio chini ya mwendo halisi. Kama umebadilisha ukubwa wa tairi, ipime sasa kwa GPS.

Mjenzi wa Coventry

Nawashukuru sana. Boksi la usukani nimelifungua jana na sili ya pistoni nimeitoa. Magurudumu yakiwa hewani, usukani sasa unazunguka kwa kidole kimoja. Masega nimeyaagiza. Nina maswali mawili madogo: je, naweza kuliendesha gari hadi kituoni bila namba, na je, hivi vifuniko vya plastiki ninaweza kuvitoa baada ya kufaulu, kwa kuwa kwa kweli vinachukiza macho?

SpanaKumi

Kuliendesha unaruhusiwa, ilimradi miadi iwe imewekwa kabla, uende moja kwa moja, na bima iwe imekatwa kwa namba ya chesisi. Hata hivyo mimi ningekodi trela, kwa sababu gari ambalo halijawahi kutoka uani si la kulijaribu kwa mara ya kwanza kwenye barabara kuu asubuhi ya ukaguzi.

MzeeWaTindo

Vifuniko wengi huvitoa, na mimi sikubaliani nao. Cheti kimetolewa kwa gari lilivyokuwa siku ile, na sheria ya barabarani kuhusu sehemu zinazoweza kumjeruhi mpita njia haiishii getini mwa kituo. Kama vinakuudhi, nunua bolti zenye vichwa vya mviringo kabla ya mwezi ujao, uondokane na vifuniko kabisa. Za chuma kisichoshika kutu zinapatikana kwa urahisi, ila usizitumie kwenye saspensheni wala mikanda ya usalama. Huko baki na zenye alama ya nguvu ya 8.8 au zaidi.