V-Strom 650: nibadilishe globu au niongeze taa?

Swali
Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya Suzuki V-Strom 650 ya 2008, taa mbili, globu za H4 za wati 60/55 (fulu, yaani mwanga wa mbali, 60; dimu, mwanga wa chini, 55). Naenda Mbeya kutoka Dar mara kwa mara na giza hunikuta Mikumi, ndani ya hifadhi, ambako nyati na twiga huvuka lami. Dimu yangu ni hafifu, ya njano. Fundi wa Kariakoo ananishauri niweke globu za LED. Naogopa kuwapofusha madereva wa malori. Nifanyeje?

Jibu
Mkuu, kwanza pima volti kwenye soketi ya globu, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Betri ikisoma 14 na soketi 12 na kidogo, umeme unapotelea kwenye waya na swichi. Vuta waya nene kutoka betri, weka fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa). Globu zilezile zitang'aa. LED siipendi kabisa kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni: chanzo cha mwanga kikihama kidogo tu, mwanga unatawanyika machoni mwa wenzako.

Jibu
Rilei, naunga mkono. Kwa ajili ya wanyama ongeza spoti (taa za ziada) mbili kwenye gadi, vile vyuma vya kinga, ziwake na fulu tu. Na ukifunga mabegi nyuma pikipiki huinua pua, kwa hiyo shusha mwelekeo wa taa.

Muulizaji
Asanteni sana. Rilei moja inatosha?

Jibu
Chukua mbili, ya dimu na ya fulu. Fulu zote mbili ni wati 120, takriban ampea 10. Fyuzi ya 15 inatosha.