Ngoma tulizochangia kwa hela ya korosho zinaliwa na panya stoo, kipindi cha Sanaa watoto wanafanyishwa Hisabati

Wakuu, tangu Jumatano najizuia nisiandike nikiwa na hasira. Leo Ijumaa hasira haijatoka, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Nipo Newala. Nina mtoto darasa la nne kwenye shule moja ya msingi ya serikali huku. Jina la shule siweki, wenye watoto pale watajijua. Jumatatu jioni nilikaa kumkagua madaftari, nikakuta moja kalifunika vizuri kwa gazeti, juu kaandika kwa mkono wake SANAA NA MICHEZO. Ukurasa wa kwanza, maana ya sanaa. Wa pili, ala za muziki: ngoma, zeze, marimba, filimbi, kayamba. Mbele ya ngoma kaandika, "ni ala ya kupigwa, hutengenezwa kwa gogo na ngozi." Kuanzia ukurasa wa tatu mpaka katikati ya daftari ni kugawanya na sehemu. Nikamwuliza hizi hesabu zimefuata nini humu. "Mama, kipindi cha Sanaa anaingia mwalimu wa Hisabati. Anasema tuna upimaji."

Nimeusoma ule mstari wa gogo na ngozi mara tatu. Mtoto wa Kimakonde ananakili ubaoni kwamba ngoma ni gogo na ngozi, wakati ngoma zenyewe nne ziko stoo, hatua thelathini kutoka dawati lake!

Nazijua hizo ngoma kwa sababu nilizilipia. Msimu wa juzi, hela ya mnada wa korosho ilipoingia, tulikaa mkutano wa wazazi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hakuna wa kutulazimisha mchango, na kweli hakuna aliyetulazimisha. Sisi wenyewe tulisema, mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, watoto watajifunzia nini, vidole? Kila kaya ikatoa 5,000, wenye mikorosho mingi wakaongeza. Muhtasari upo na sahihi zipo. Risiti yangu naiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Fundi ni mzee wa kijiji cha jirani. Alichonga kubwa mbili na vinganga viwili, vile vidogo vyenye mguu wa kuchomeka ardhini, unavipiga kwa vijiti vyembamba. Ngozi ya mbuzi kaiwamba kwa vigingi vya mti, hakutumia msumari hata mmoja. Siku ya kuzikabidhi aliwakusanya watoto uwanjani, akawasha majani makavu ya mkorosho, akawaonyesha namna ya kuipasha ngoma: unaizungusha juu ya moto, huiachi ikae upande mmoja, huku unaigonga kwa kiganja kusikiliza. Mwanzo inalia nzito, kisha sauti inapanda kidogo kidogo mpaka inakaza. Watoto walikuwa kimya kabisa, na wote mnajua watoto wa shule ya msingi hawanyamazi. Mwanangu alirudi nyumbani akaanza kupasha ndoo ya plastiki jikoni, nikamwahi.

Hela iliyobaki tulinunulia kinanda cha mtumba.

Sasa Jumatano nikaenda. Saa tano, muda ule ule ambao ratiba iliyobandikwa ukutani inasema Sanaa na Michezo. Darasani, Hisabati. Nikaomba kuziona ngoma. Nikazungushwa, funguo anayo fulani, fulani yuko kikaoni, nikasema nasubiri. Stoo ilipofunguliwa nilitaka kulia, wakuu. Chinganga kimoja kimetobolewa na panya, tundu linapitisha ngumi. Ngoma kubwa moja imewekewa ndoo ya chokaa juu ya ngozi, ngozi imebonyea na unyevu umeingia, ukiigonga inalia kama boksi la viatu. Ya pili imegeuzwa ndiyo stuli ya kupandia kwenye shelfu. Kinanda hakipo. Kiko wapi? Kimeazimwa. Kimeazimwa na nani? "Kimeazimwa tu mama, kitarudi." Mali ya wazazi zaidi ya mia imeazimwa na hakuna daftari la kuonyesha nani kaichukua wala lini.

Na bado sijafika kwenye lililonifanya nifungue huu uzi. Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu, wa darasa la nne hilo hilo, alikuwa anagonga dawati kwa vidole wakati wa mapumziko, na wenzake wawili wanaitikia kwa makofi. Kapigwa viboko sita. Sita, kwa kugonga dawati, mapumziko! Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kwenye kitabu. Nilikiuliza hicho kitabu, nikaambiwa niandike barua. Na sababu aliyopewa yule mtoto ni kwamba alikuwa anapiga "ngoma za kihuni."

Hapo ndipo nilipopandwa. Uhuni gani? Kuna ngoma za jandoni na unyagoni, zina mahali pake na watu wake, hakuna mzazi aliyeomba ziletwe shuleni. Sindimba yetu Wamakonde ni ngoma ya hadharani. Baada ya Uhuru ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikachezwa na watu ambao hata uwanda wa Makonde hawajawahi kuukanyaga. Mtwara mjini kumefanyika tamasha la MaKuYa, yaani Wamakonde, Wamakua na Wayao, familia nzima zikaenda kutazama. Leo aliyepangiwa kazi kwetu anakuja kumwambia mtoto wetu kwamba alichorithi ni uhuni!

Lakini akitajwa mgeni rasmi, hizo hizo ngoma zinatafutwa. Mwaka jana watoto walitolewa darasani siku tatu mfululizo wakafanya mazoezi juani, siku ya mgeni wakacheza, wakapigiwa makofi, wakapewa soda moja kwa watoto wawili. Kesho yake ngoma zikarudi stoo. UMITASHUMTA nayo, yale mashindano ya shule za msingi, yenye ngoma na kwaya ndani yake, watoto wanaokotwa wiki moja kabla, wakishindwa tunaambiwa watoto wa huku hawana vipaji. Mwaka 2021 mashindano hayo ya taifa yalifanyika hapa hapa mkoani kwetu, na hatukujifunza kitu.

Najua nitajibiwa hakuna mwalimu wa muziki. Ni kweli hakuna, vyuo vya Butimba na Bagamoyo vinavyofundisha sanaa ni mbali na wanaotoka huko ni wachache. Mwalimu wa Hisabati simlaumu sana, ana watoto karibu tisini darasani na anayebanwa kwa matokeo ni yeye. Ila yule mzee fundi alijitolea kuja kila Jumatano, bure, anataka chai tu. Akaulizwa ana cheti gani. Mzee amechonga ngoma maisha yake yote, anaulizwa cheti na mtu aliyemwekea chokaa juu ya ngozi ya ngoma yake. Hajarudi tena, na mimi nimeshindwa kwenda kumwangalia usoni.

Na wanaosema sanaa haina maisha: George Lilanga alikuwa Mmakonde kama sisi. Alichonga na kuchora mpaka kazi zake zikaonyeshwa Ulaya na Marekani, mpaka alipofariki 2005. Sisemi mwanangu atakuwa Lilanga. Nasema ana haki ya dakika zake zilizoandikwa kwenye ratiba ya serikali, na haki ya kuigusa ngoma ambayo mama yake ameilipia.

Mwenyekiti wa kamati ya shule nimeshaongea naye, kaniambia nisubiri. Afisa elimu kata nimempigia mara mbili hapokei, Jumatatu nafika ofisini kwake na barua. Naomba aliyewahi kufuatilia mali ya wazazi shuleni aniambie barua inaanzia kwa nani na nakala zinakwenda wapi, nisije nikapigwa chenga kwa sababu ya utaratibu.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Nitakwenda na lile daftari. Kama uko humu na mtoto wako anasoma pale, njoo na risiti yako ya 5,000, tukaulize kinanda kiko nyumba gani.